Nilikwenda sokoni kutafuta damu

*Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi mmoja mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.*

Kaeni, kaeni. Wale wa nyuma mnanisikia? Haya.

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya lishe. Najua neno hilo linavyowachosha. Ukisikia "lishe" unakumbuka lile bango la darasani lenye picha ya yai, samaki na papai, usingizi unaanza. Leo sikuja na bango. Nitawasimulia habari ya soko moja lililoko mbali, katika mji wa Thessaloniki, kaskazini mwa Ugiriki. Nililiendea soko hilo kwa sababu nilikuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe niliupata kwa ujinga wangu. Ninyi mnaweza kuupata bila hata kupanda ndege.

Nilivyojiharibia

Nilifika Thessaloniki Septemba 2023 kwa kozi ya mwaka mmoja. Posho ilikuwa ndogo, na katika hiyo hiyo nilikuwa namlipia mdogo wangu ada. Basi nikabana kwenye chakula. Asubuhi chai ya rangi na mkate mweupe. Mchana chipsi na soda. Jioni mkate tena na chai tena. Wikiendi nikijipongeza, kipande cha piza.

Mtaniuliza, wewe muuguzi hukujua? Nilijua. Nilikuwa nawafundisha akina mama wajawazito mambo haya haya kliniki. Lakini moyoni nilikuwa na neno moja: nimekula maharage ya bweni miaka sita, nije Ulaya nile maharage tena? Picha nilizowatumia ndugu zangu zilikuwa za piza na soda. Sikutaka mtu aniambie eti kumbe huko nako unakula kama sisi.

Ilipofika Januari nikawa nachoka ovyo. Ngazi za ghorofa ya pili zilinipanda mimi badala ya mimi kuzipanda. Moyo ulikuwa unadunda kama nimekimbizwa. Nikiinuka ghafla, kizunguzungu. Nikasema ni baridi. Kisha nikaanza kutamani pemba, ule udongo unaouzwa sokoni kwetu. Wasichana, naona mnaangaliana! Mnaujua. Kule sikuupata, nikawa natafuna barafu. Bilauri nzima ya barafu, wakati wa baridi. Mwenzangu wa chumbani akanitazama akasema, "Wewe huna damu. Nenda kapime."

Nikapima. Damu tisa. Msichana wa umri wenu ambaye si mjamzito anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi za hemoglobini katika kila desilita ya damu. Mvulana akishafika miaka 15 anatakiwa awe na 13. Mimi nilikuwa na 9. Daktari akanipa vidonge vya madini ya chuma, kisha akaniuliza nakula nini. Nikamwambia kweli. Hakunigombeza. Alisema tu, "Vidonge utavimaliza. Baada ya hapo utakula nini?" Akaniandikia jina kwenye karatasi: Kapani.

Soko lenyewe

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Kapani liko katikati ya mji, karibu na barabara kuu iitwayo Egnatia, barabara yenye jina la njia ya kale ya Warumi. Ni soko kongwe kuliko mengine yote yaliyobaki mjini hapo. Jina lake rasmi ni Vlali, lakini watu husema Kapani. Neno hilo ni la Kituruki, maana Thessaloniki ilitawaliwa na Waturuki wa dola ya Osmani karne nyingi, hadi mwaka 1912. Kapani ilikuwa mahali pa kupimia mizigo kwa mizani, na hapa uliokuwa ukipimwa ni unga.

Msifikirie jengo kubwa la vioo. Ni vichochoro vyembamba, vimeezekwa juu, maduka yamebanana huku na huku. Unaingia upande wa samaki: maji yanatiririka chini, wauzaji wanapiga kelele, pweza na ngisi wamepangwa juu ya barafu. Pembeni kuna rundo la samaki wadogo waitwao gavros, ndugu zake dagaa. Unageuka, uko mabuchani, kondoo wananing'inia. Unageuka tena, harufu inabadilika: viungo, pilipili nyekundu zilizokaushwa, mapipa ya zeituni nyeusi na za kijani, jibini ndani ya maji ya chumvi. Mtu anakushikisha zeituni moja uonje. Ukimwambia sina pesa, anacheka, anakupa ya pili.

Ukitoka Kapani ukavuka barabara, unakuta soko jingine liitwalo Modiano. Hili ni jengo hasa, lenye paa linaloingiza mwanga. Mwezi Agosti 1917 moto mkubwa uliteketeza katikati ya mji wa Thessaloniki, na watu zaidi ya 70,000 wakakosa makazi. Mji ulipojengwa upya, mhandisi Eli Modiano, wa familia ya Kiyahudi ya hapo hapo, akalichora soko hilo, likajengwa miaka ya 1920. Wakati ule Wayahudi walikuwa sehemu kubwa ya watu wa mji. Wazee wao wengi walifika wakitokea Hispania, walikofukuzwa mwaka 1492. Kisha mwaka 1943 jeshi la Wajerumani wa Hitler likawapakia kwenye treni, watu zaidi ya 40,000, likawapeleka kambi ya Auschwitz. Karibu wote waliuawa. Nilisimama chini ya paa lile nikawaza: wanunuzi na wauzaji wangapi walitoka hapa wasirudi?

Modiano lilichakaa, likafungwa, likakarabatiwa, likafunguliwa tena Desemba 2022. Leo ni safi na linapendeza, na sehemu kubwa ni mahali pa kukaa ule na unywe. Mimi nilikuwa na euro tano mfukoni. Nikarudi Kapani.

Kibanda cha nafaka

Huko nyuma nikakuta kibanda cha magunia. Maharage meupe madogo, maharage meupe makubwa kama kidole gumba, dengu, na adesi, zile punje ndogo bapa ambazo wengine huziita kamande. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, amevaa koti juu ya aproni. Kigiriki changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikamsalimia, nikamwita *kyria*, ndivyo wanavyomwita mama wa heshima. Nikamwonyesha karatasi ya daktari, kisha nikajishika kope la chini nikalivuta, kama tunavyofanya kliniki, aone palivyopauka.

Akalitazama. Akasema, "*Koritsi mou!*" Yaani msichana wangu. Akachota adesi.

Kijana wa kibanda cha jirani alijua Kiingereza, akatusaidia. Mama akanieleza namna ya kupika. Adesi huna haja ya kuzilowesha. Tia maji, kitunguu, kitunguu saumu, jani moja la *bay*, nyanya na mafuta ya zeituni. Karibu nusu saa au zaidi kidogo zimeiva. Mwisho tia siki kijiko kimoja. Mchuzi huo unaitwa *fakes*. Maharage meupe yakipikwa hivyo na karoti yanaitwa *fasolada*, na Wagiriki wengi hukuambia hicho ndicho chakula cha taifa. Si nyama ya kuchoma mnayoiona kwenye picha za watalii. Ni maharage!

Nikalipa. Nikageuka kuondoka, akanishika mkono. "Bado." Akanipeleka vibanda viwili mbele, kwa muuza mboga. Palikuwa na mafungu ya majani machungu ya porini, ndugu wa mchunga wetu. Wanayaita *horta*. Unayachemsha, unayachuja, unatia mafuta ya zeituni, halafu unakamua limau juu yake. Akachukua malimau matatu akanitilia kwenye mfuko. Akasema, "Bila limau, majani tu."

Jamani, nilitaka kucheka. Hilo nililisoma chuoni kwa maneno marefu! Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani ni magumu kunyonywa na mwili. Mengi yanapita tu. Lakini ukila pamoja na kitu chenye vitamini C, kama limau, chungwa, embe, pera au nyanya mbichi, mwili unayachukua zaidi. Kipande kidogo cha nyama au samaki nacho kinasaidia. Na chai ya rangi pamoja na kahawa vinafanya kinyume: ukinywa wakati wa kula, vinalizuia lile chuma lisiingie. Kumbe mimi kila mlo nilikuwa nashushia chai!

Kwa bei ya chipsi na soda nilirudi na nusu kilo ya adesi, fungu la mboga na malimau matatu. Nilikula siku tatu.

Chakula cha maskini

Nikawa nakwenda kila Jumamosi. Siku moja nikamwuliza yule mama kama nyumbani kwake wanakula adesi. Akasema yeye, ndiyo. Mjukuu wake, hapana, anataka vya kwenye boksi. Kisha akanisimulia juu ya mama yake mzazi.

Wajerumani waliingia Ugiriki Aprili 1941. Majeshi yaliyoikalia nchi yalichukua chakula, na meli za Waingereza zikawa zimefunga njia za baharini ili adui asipate kitu. Raia wakabaki katikati. Kipupwe cha 1941 kuingia 1942 watu walikufa kwa njaa kwa maelfu, hasa mjini Athens na bandari yake Piraeus. Mkisikia jina la shirika la misaada la Oxfam, jueni lilianzia hapo: watu wa mji wa Oxford, Uingereza, waliunda kamati mwaka 1942 kudai chakula kiruhusiwe kuwafikia Wagiriki wenye njaa.

Mama yake yule mama alikuwa mtoto wakati huo. Walikula majani ya porini kwa sababu hapakuwa na kingine. Alipokua, alipoolewa na kupata pesa, hakutaka *horta* imkaribie mezani. "Kwake ilikuwa na harufu ya vita," aliniambia. Watoto wake aliwalisha nyama kila alipoweza. Lile lilikuwa pendo, nanyi mnalielewa. Mzazi aliyelala njaa hataki mwanawe ale kile alichokula yeye siku za shida.

Lakini sikilizeni jambo hili. Mwaka 1958 mtafiti Mmarekani Ancel Keys na wenzake walianza kufuatilia afya ya wanaume karibu 13,000 katika nchi saba, zikiwemo Marekani, Finland, Japani, Italia na Ugiriki. Walipohesabu baada ya miaka, wanaume wa kisiwa cha Krete, kusini mwa Ugiriki, walikuwa miongoni mwa waliokufa kidogo kabisa kwa ugonjwa wa moyo. Wa mashariki mwa Finland walikufa wengi mno. Na hao wa Krete walikuwa wakila nini? Mkate wa nafaka isiyokobolewa sana, maharage, mboga za majani, matunda, mafuta ya zeituni mengi, samaki kiasi, nyama kidogo. Kisha walikuwa wanalima na kutembea kutwa. Utafiti ule haukuwachunguza wanawake, na chakula peke yake si sababu ya kila kitu. Hata hivyo tafiti nyingi za baadaye zimekubali kwamba ulaji wa namna hiyo unaulinda moyo. Mwaka 2010 UNESCO ikauandika katika orodha ya urithi wa binadamu.

Chakula kile kile ambacho wenyewe walikionea haya! Na leo? Ugiriki ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye watoto wengi waliozidi uzito. Maharage yanasifiwa duniani, na mtoto wa Kigiriki anakula chipsi.

Msinielewe vibaya. Njaa si afya. Mtu anayekula majani matupu kwa kukosa kingine anakonda na kufa, haongezi siku. Tofauti ni kuwa na vya kutosha, tena vya namna mbalimbali, halafu usividharau.

Sasa ninyi

Nilimeza vidonge vyangu vyote. Baada ya mwezi damu ikawa imepanda, na hamu ya barafu ikaniisha yenyewe. Daktari akanikataza kuacha. Akasema damu ikishakuwa sawa bado ghala ni tupu, endelea miezi mitatu. Choo kilikuwa cheusi, na nawaambieni mapema ili mtu asiogope: vidonge hivyo ndivyo vinavyofanya. Nilipokuwa naondoka Ugiriki nilikuwa na 12.8. Nikampelekea mama wa Kapani karatasi ya kipimo. Namba aliielewa. Akanifungia adesi za safari.

Wasichana, nianze nanyi. Kila mwezi mnapoteza damu ya hedhi, na ndani ya damu kuna madini ya chuma. Na bado mnakua. Kwa hiyo mnahitaji chuma zaidi ya kaka zenu. Usingizi darasani, kuchoka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viganja kupauka, hamu ya udongo au barafu: msiseme ni uvivu au ni pepo. Nenda kapime. Na udongo uacheni. Haukuongezei damu, unaweza kukupa minyoo, tena unalizuia chuma ulilokula. Hedhi yako ikiwa nzito kupita kiasi, mwambie muuguzi. Si aibu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali ambapo upungufu wa damu ni tatizo kubwa, wasichana na wanawake wanaopata hedhi wapewe vidonge vya madini ya chuma. Vikiletwa shuleni, usivitupe dirishani.

Wavulana msicheke, nanyi mmo. Safura inanyonya damu ya yeyote anayetembea peku penye uchafu. Malaria inaharibu chembe za damu bila kuuliza jinsia. Siko seli nayo ipo. Ndiyo maana nasema mkapime kwanza. Msinunue vidonge vya damu dukani kwa kukisia, maana si kila upungufu wa damu unatokana na chakula, na chuma likizidi nalo lina madhara.

Kuhusu sahani. Sikuwaambia mwende mkatafute mafuta ya zeituni, ni ghali na hayahitajiki. Maharage ya bweni mnayoyalaani yana madini ya chuma. Choroko, kunde, mchicha na dagaa vivyo hivyo. Kinachokosekana mara nyingi ni limau tu, au chungwa baada ya kula, na chai kusogezwa mbele saa moja au mbili. Kamati ya chakula ya wanafunzi mnayo? Waombeni wakuu wa shule panapouzwa soda pauzwe na machungwa. Hilo halihitaji mfadhili.

Nilimaliza kozi yangu nikiwa na cheti. Lakini lililoniponya niliambiwa na mama muuza nafaka ambaye sikujua hata jina lake kamili, kwa maneno manne: bila limau, majani tu.

Nani ana swali? Wewe dada wa pale dirishani, ulianza kunyoosha mkono tangu nilipotaja udongo. Simama, mwanangu, uliza.

Jadilianeni darasani

1. Ni vyakula gani kwenu huitwa "vya kimaskini"? Nani alivipa jina hilo?
2. Kwa nini msimulizi alipungukiwa damu ingawa alijua mambo ya lishe?
3. Tengenezeni mlo mmoja kwa vitu vinavyopatikana soko la karibu, wenye madini ya chuma na vitamini C. Hesabuni bei yake, kisha ilinganisheni na bei ya chipsi na soda.
4. Mwenzenu akianza kula udongo, mtamsaidiaje bila kumwaibisha?